Kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua kunavyoweza kuzima tezi ya pituitari

Swali: Shikamoo daktari. Dada yangu alijifungua miaka sita iliyopita, akatokwa na damu nyingi mno mpaka akaongezewa chupa nne. Mtoto ni mzima, anasoma. Lakini maziwa hayakutoka hata tone, na hedhi haijarudi mpaka leo. Kutwa amechoka, anajifunika kanga mbili katika joto la Februari, nywele za kwapani zimekwisha, na ameshazimia asubuhi zaidi ya mara moja. Tumeambiwa ni presha ya kushuka, ni upungufu wa damu, ni mawazo. TSH ilipimwa mara mbili, wakasema iko sawa. Sasa daktari mmoja amesema tezi ya pituitari imekufa. Amempa haidrokotizoni na levothairoksini, akakazia kwamba asiguse ya pili kabla hajaanza ya kwanza. Damu ya uzazi inahusianaje na tezi ya kichwani? Kipimo kilikuwaje sawa? Kwa nini dawa zifuatane hivyo? Na je, anaweza kuzaa tena? Shangazi zetu wanasema amefungwa uzazi.

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Dada yako hajafungwa na mtu. Kwa maelezo uliyotoa, daktari huyo ameona sawasawa, na ninafurahi kwamba amezingatia mpangilio wa dawa, maana hapo ndipo wengine hupoteza maisha.

Ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa Sheehan. Harold Sheehan alikuwa mtaalamu wa patholojia katika hospitali ya wazazi ya Glasgow, Uskoti. Kazi yake ilikuwa kuchunguza miili ya akina mama waliofariki baada ya kujifungua, na mwaka 1937 alichapisha alichokiona: wale waliovuja damu nyingi mpaka presha ikaporomoka, sehemu ya mbele ya tezi yao ya pituitari ilikuwa imekufa. Wenzake wachache walikuwa wamegusia jambo hilo kabla yake, ila yeye ndiye aliyeunganisha waziwazi kuvuja damu na kufa kwa tezi. Katika nchi zenye damu ya kutosha na huduma ya haraka wodini, ugonjwa huu umekuwa nadra. Kwetu bado upo, na mara nyingi hugunduliwa baada ya miaka mingi, hata kumi na zaidi, kwa sababu dalili zake huja polepole na kila moja hupewa jina lake.

Pituitari ina uzito wa nusu gramu hivi. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa kilichoizunguka karibu pande zote. Ina sehemu mbili zenye asili tofauti kabisa. Ya nyuma ni ubongo uliorefuka kushuka chini. Haitengenezi homoni, inahifadhi tu na kuachia homoni mbili zinazotengenezwa juu yake, katika eneo la ubongo liitwalo haipothalamasi. Hizo ni oksitosini, inayobana mfuko wa uzazi na kusukuma maziwa yatoke, na vazopresini, inayoziambia figo zibakize maji mwilini. Ya mbele haikutokana na ubongo. Mtoto akiwa bado kiumbe kidogo tumboni, sehemu hiyo huchomoza kutoka kwenye paa la kinywa na kupanda juu kukutana na ile ya nyuma. Hii ya mbele ndiyo kiwanda chenyewe: inatoa homoni ya ukuaji, prolaktini ya maziwa, TSH inayoamrisha tezi ya shingo, ACTH inayoamrisha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na FSH pamoja na LH zinazoamrisha ovari.

Sasa swali lako la kwanza. Mwanamke akishika mimba, estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari na kondo la nyuma, hupanda sana, na seli zinazotengeneza prolaktini hunenepa na kuongezeka kujiandaa kwa kunyonyesha. Tezi yote hukua kwa theluthi moja na zaidi. Kishimo cha mfupa hakikui nayo. Kwa hiyo mama anafika leba akiwa na pituitari kubwa iliyobanwa, yenye mahitaji makubwa ya damu kuliko wakati wowote wa maisha yake.

Na damu inayofika sehemu ya mbele ni ya namna ya pekee. Sehemu kubwa ya damu hiyo haiji moja kwa moja kutoka kwenye mshipa mkubwa wenye msukumo. Hupita kwanza katika vimishipa vyembamba vya haipothalamasi, ikakusanywa, ikateremka kwa vena fupi hadi kwenye tezi, na kule ikatawanyika tena katika vimishipa vyembamba. Inapofika imeshapoteza nguvu nyingi. Mpangilio huu una maana yake: haipothalamasi hutia homoni zake ndani ya damu hiyo, zikafika kwenye tezi zikiwa bado nzito, kabla hazijachanganyika na damu ya mwili mzima. Mwingereza Geoffrey Harris aliishikilia hoja hiyo miaka mingi huku wengi wakiitilia shaka. Mwaka 1969 vikundi viwili vya watafiti, cha Roger Guillemin na cha Andrew Schally, vilibaini muundo wa homoni ya kwanza ya aina hiyo baada ya kusaga haipothalamasi za kondoo na nguruwe, maelfu kwa maelfu. Mwaka 1977 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel.

Lakini mpangilio huo mzuri una udhaifu. Damu ikimwagika nyingi na presha ikashuka, mwili hubana mishipa ili kuokoa moyo na ubongo. Tezi iliyovimba, inayotegemea damu yenye msukumo mdogo, ndiyo inayoachwa kavu. Saa chache zinatosha kuua seli zake, na seli hizo hazioti upya kwa kiasi cha kuziba pengo. Sehemu ya nyuma ina mishipa yake inayotoka moja kwa moja kwenye ateri, kwa hiyo mara nyingi hupona. Ndiyo maana hukuniambia kwamba dada yako anakunywa maji ndoo nzima na kukojoa usiku kucha. Hizo ndizo zingekuwa dalili za vazopresini kukosekana.

Ukijua kila homoni inafanya nini, maelezo yako yanasomeka dalili baada ya dalili. Ya kwanza ilikuwa maziwa. Kondo la nyuma likitoka, projesteroni, homoni inayotunza mimba, hushuka ghafla, na kuanzia siku ya pili au ya tatu prolaktini hujaza matiti. Kwake matiti yalibaki laini. Naweza kukisia kilichofuata nyumbani: uji wa pilipili manga, supu, kukandwa, na pengine maneno kwamba hataki kunyonyesha asije akaharibika kifua. Hili linaniuma kila ninapolisikia. Mama aliyevuja damu mpaka kuongezewa, kisha maziwa yasitoke kabisa, alipaswa kuandikiwa jambo hilo kwenye kadi yake kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, arudi kupimwa homoni. Lingeonwa pale, miaka sita isingepotea.

Hedhi ilikoma kwa sababu FSH na LH hazipo. Ovari zenyewe hazina ugonjwa, ila hakuna anayeziamrisha. Wengi huambiwa ni sindano ya uzazi wa mpango, wakasubiri irudi, ikawa mwaka, ikawa miaka. Nywele za kwapani na za sehemu za siri huisha kwa sababu zinategemea homoni za kiume kidogo ambazo kila mwanamke anazo, zinazotoka kwenye adrenali na ovari. Baridi, uchovu, ngozi kukauka, choo kigumu na sauti kuwa nzito ni upungufu wa homoni ya tezi ya shingo.

Kuzimia asubuhi ndiko kunakonitia hofu zaidi. Huko ni kukosekana kwa kortisoli, homoni ya adrenali inayoshikilia presha na sukari, hasa unapoamka hujala. Bila ACTH, adrenali husinyaa, kortisoli hushuka, na mtu akipata malaria au kuhara anaweza kufa kwa jambo ambalo mwenzake angepona nalo nyumbani.

Hebu mtazame dada yako kwa makini mchana kwenye mwanga. Adrenali zenyewe zikiharibika, kwa mfano kwa kifua kikuu kilichosambaa, pituitari hutoa ACTH kwa wingi na ngozi huwa nyeusi zaidi: mistari ya viganja, fizi, makovu. Tatizo likiwa la pituitari ACTH haipo, na mtu hupauka. Chuchu hupoteza weusi wake. Pia madini ya potasiamu kwenye damu hubaki sawa, kwa kuwa homoni inayoyasimamia, aldosteroni, huongozwa zaidi na figo kuliko na ACTH. Sodiamu ndiyo mara nyingi hushuka. Mgonjwa mwenye sodiamu chini, amepauka, hana hedhi, na historia yake ina damu nyingi leba: daktari akiyaweka hayo pamoja, hahitaji kubahatisha.

Kuhusu TSH. Hapa ndipo wagonjwa wengi wa pituitari wanapopotezwa, kwa hiyo nisome taratibu. TSH si homoni ya tezi ya shingo. Ni homoni ya pituitari inayokwenda kuiamrisha tezi ya shingo. Chukulia ni mtu anayepiga hodi mlangoni. Wenyeji wakiitika, anatulia. Wasipoitika, anapaza sauti, anagonga tena kwa nguvu. Tezi ya shingo ikiwa mbovu, TSH hupanda sana kwa sababu hodi haijibiwi, na daktari anayepima TSH peke yake anaugundua ugonjwa bila shida. Kwa dada yako ni anayepiga hodi aliyepotewa na sauti. Ndani kimya, nje sauti ndogo ya kawaida, na anayepima ukali wa hodi tu anaandika kwamba nyumba ni salama.

Kwenye karatasi ya maabara ingeonekana hivi. Tuseme TSH ni 2.1, na kiwango cha kawaida ni 0.4 hadi 4.0. Inaonekana sawa. Lakini mstari wa chini yake, T4 huru, yaani homoni yenyewe ya tezi ya shingo iliyo kwenye damu, ipo chini ya kiwango. Hayo mawili hayawezi kuwa sahihi kwa pamoja: T4 ikiwa chini, TSH ilipaswa kupaa. Kutopaa kwake ndiyo ugonjwa. Inaweza kuwa chini, inaweza kuwa ya kawaida, hata ikapanda kidogo, kwa sababu TSH inayotengenezwa wakati huo huwa dhaifu isiyofanya kazi vizuri. Shida ni kwamba maabara nyingi hupima TSH peke yake ili kupunguza gharama, mstari wa pili haupo kabisa.

Kanuni ni hiyohiyo kwa zote. Homoni ya pituitari husomwa pamoja na homoni ya tezi inayoamrishwa nayo: TSH na T4 huru, ACTH na kortisoli, FSH na LH pamoja na estrojeni. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu asiye na hedhi, mwenye estrojeni chini na FSH ya "kawaida", hana FSH ya kawaida hata kidogo.

Kortisoli hupimwa saa mbili asubuhi, kwa sababu hupanda alfajiri na kushuka jioni. Ya saa kumi jioni haisaidii kitu. Ikiwa chini ya mikrogramu 3 kwa desilita, upungufu ni karibu hakika. Ikizidi 15, kwa kawaida hofu huondoka. Ya katikati huhitaji kipimo cha kuichochea adrenali kwa sindano. Kabla ya kuamini jibu lolote la kortisoli, muulize dada yako, kwa upole na mkiwa wawili tu, kama amewahi kutumia mkorogo au krimu za kung'arisha ngozi, au vidonge vya kunenepa. Vingi vina steroidi kali, dawa za jamii ya kortisoli, kama klobetasoli au deksamethasoni, na steroidi hizo huinyamazisha pituitari nzima isiyo na ugonjwa wowote. Kortisoli itatoka chini vilevile. Simshuku, na maelezo ya maziwa na hedhi yanaelekeza kwenye Sheehan, ila swali hili halipaswi kurukwa. Picha ya kichwa ya MRI nayo husaidia: miaka ikipita, kishimo cha mfupa huonekana kama kitupu, kimejaa maji ya ubongo, tezi imebaki utando chini. Lakini kama MRI ni gharama ya kuuza shamba, vipimo vya damu na historia yake vinatosha kuanza tiba.

Sasa dawa zifuatane vipi, na kwa nini. Haidrokotizoni hushika nafasi ya kortisoli, na levothairoksini nafasi ya homoni ya tezi ya shingo. Mwili wa dada yako umezoea kwenda polepole. Homoni ya tezi ya shingo iko chini, kortisoli iko chini, na kidogo kilichopo kinamtosha kukaa kitini. Ukimpa levothairoksini peke yake, mwili unaamka: moyo unaongeza kasi, kila kiungo kinadai kortisoli zaidi, na hapohapo ini linaivunja kortisoli kwa haraka kuliko mwanzo. Adrenali zake haziwezi kuongeza. Ndani ya siku au wiki chache hufuata kutapika, maumivu ya tumbo, presha kuporomoka, sukari kushuka, kupoteza fahamu. Ndiyo maana haidrokotizoni hutangulia siku chache hadi wiki moja, ndipo levothairoksini huanza kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu.

Haidrokotizoni kwa kawaida ni miligramu 15 hadi 20 kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu. Kubwa zaidi humezwa akiamka, kabla hata ya kushuka kitandani, na ya mwisho isivuke alasiri ili alale vizuri. Mahali ambapo haipatikani, madaktari hutumia prednisoloni ya miligramu 3 hadi 5 asubuhi. Hiki ni kiasi ambacho mwili ungetengeneza wenyewe, kwa hiyo yale mnayoyasikia kuhusu steroidi, uso kuvimba na sukari kupanda, hayamhusu akibaki kwenye dozi hiyo. Levothairoksini humezwa kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vipishane nayo kwa saa nne.

Liandikeni hili kwenye jalada la daftari lake la kliniki kwa herufi kubwa: dozi ya levothairoksini ifuatwe kwa T4 huru, si kwa TSH. Akipangiwa daktari mwingine, akaona TSH imeshuka, anaweza kudhani dawa imezidi akaipunguza, na dada yako atarudi kwenye kanga mbili.

Akipata homa, haidrokotizoni huongezwa mara mbili au tatu mpaka homa iishe. Akitapika dawa, asisubiri asubuhi: apelekwe akachomwe sindano ya haidrokotizoni miligramu 100, na anayempeleka aseme neno moja mapokezi, kwamba mgonjwa huyu hana kortisoli. Atembee na kikaratasi chenye maneno hayo kwenye pochi. Kabla ya upasuaji, hata wa kung'oa jino lenye jipu, amwambie daktari. Kama anafunga Ramadhani, aongee na daktari wake kabla mwezi haujaandama, kwani dozi za kugawanywa hazilingani na saa za saumu, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Na akienda kuombewa, aende, ila vidonge vyake viwe mkobani na amevimeza. Asiache haidrokotizoni hata siku moja kwa sababu anajisikia amepona. Anajisikia hivyo kwa kuwa ameimeza.

Kuna dawa ya tatu ambayo hukuitaja, na ningependa aiulizie. Kama hana estrojeni tangu miaka sita, mifupa yake inalika kimyakimya. Estrojeni pamoja na projesteroni, wakati mwingine kwa njia ya vidonge vya kawaida vya majira kwa kuwa vinapatikana, hurudisha hedhi, hulinda mifupa, na huondoa ukavu unaofanya tendo la ndoa liwe maumivu. Wanawake wengi hawalisemi hilo la mwisho mpaka waulizwe. Ataitumia hadi karibu miaka 50, umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, iwapo hana sababu ya kiafya inayoizuia. Homoni ya ukuaji nayo yumkini imepungua, lakini sindano zake ni ghali mno na si ya lazima kwa uhai. Fedha zielekezwe kwenye hizi nyingine.

Kuzaa tena kunawezekana, kwa masharti. Kwanza muulize kama mfuko wa uzazi upo. Wakati mwingine huondolewa siku hiyohiyo ili kuokoa maisha ya mama, na si kila familia huelezwa vizuri. Kama upo, mayai yake bado yamo kwenye ovari. Kinachokosekana ni amri, na amri hiyo inaweza kuletwa kwa sindano za homoni zinazofanya kazi ya FSH na LH, chini ya daktari wa uzazi anayefuatilia kwa ultrasaundi. Huduma hiyo ipo katika vituo vichache vya miji mikubwa na gharama yake ni nzito. Wapo pia ambao tezi yao haikufa yote, wakashika mimba wenyewe baada ya kuanza dawa, kwa hiyo asichukulie kwamba hawezi kabisa.

Asijaribu kabla kortisoli na T4 hazijatulia. Akishika mimba, levothairoksini kwa kawaida huhitaji kuongezwa mapema, na uchungu ukianza atahitaji haidrokotizoni ya sindano. Ajifungulie hospitali yenye benki ya damu na chumba cha upasuaji, akiwa ameshawaambia wakunga kilichompata mara ya kwanza. Mtoto akishatoka tu, achomwe oksitosini uniti 10 ili mfuko wa uzazi ubane. Ni nakala ya homoni ileile ya sehemu ya nyuma ya pituitari. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, na leo hakuna sindano inayozuia wanawake wengi zaidi wasifikie hali ya dada yako. Huharibika kwa joto, hutakiwa kukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo si vibaya mkaulizia mapema kama kituo kina friji na umeme wa uhakika.

Maziwa huenda yasitoke safari hiyo pia, maana prolaktini haiji kwa vidonge alivyopewa. Mpange na muuguzi wa kliniki ya wajawazito, kabla hajajifungua, mtoto atalishwa nini tangu siku ya kwanza, na umweleze mumewe na hao shangazi sababu yake mapema.